Azimio, Upambanuzi na Herufi Iliyokatwa: Maoni kuhusu Upimaji wa Programu za Kiswahili kwenye Skrini Tofauti

1.0 Utangulizi

Neno "azimio" lina uzito wa pekee katika mkoa wa Arusha. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na tangu hapo kila aliyepita shuleni nchini Tanzania anajua kwamba azimio ni uamuzi unaofikiwa na watu baada ya kushauriana. Hata hivyo, katika kurasa nyingi za Kiswahili zilizotafsiriwa na mashine neno hilo hukutwa limebandikwa mahali pengine kabisa: "azimio la skrini". Skrini haina kikao wala haiazimii jambo. Kilichotokea ni kwamba neno moja la Kiingereza lina maana mbili. Linataja uamuzi wa kikao, na linataja pia uwezo wa chombo wa kutenganisha vitu vidogo vilivyokaribiana. Mashine imechukua maana ya kwanza palipohitajiwa ya pili.

Kosa hilo laweza kuchukuliwa kuwa la kuchekesha tu. Nyuma yake, hata hivyo, kuna suala ambalo halijapewa uzito unaostahili katika taaluma ya Kiswahili. Programu za kompyuta na za simu zinazotumia Kiswahili husomwa kwenye skrini za namna nyingi. Neno linaloenea vizuri kwenye skrini ya mezani hukatwa kwenye skrini ya simu ndogo. Ili kugundua kasoro za aina hiyo, wahandisi hutumia programu za upimaji. Programu hizo hupiga picha ya skrini, huilinganisha na picha rejea iliyokwisha kukubaliwa, kisha hutoa taarifa pale picha mbili hizo zinapotofautiana. Skrini zenyewe zinapokuwa tofauti, ulinganishaji huvurugika, na fundi hana budi kuchagua namna ya kuukabili mvurugiko huo.

Makala haya yanatoa maoni kwamba uchaguzi huo si wa kihandisi peke yake. Njia mbili zinazopendwa kwa wepesi wake ni kuzipunguza picha zote ziwe na kipimo kimoja na kulegeza kiasi cha tofauti kinachovumiliwa. Njia zote mbili zinakidhuru Kiswahili, kwa sababu maana ya kitenzi cha Kiswahili mara nyingi huamuliwa na herufi moja au mbili za mwishoni, na hizo ndizo zinazopotea kwanza. Mfano mkuu unatolewa katika kazi za misitu, kazi ambayo Olmotonyi, kwenye miteremko ya Mlima Meru, imekuwa makao yake ya mafunzo kwa miongo mingi.

2.0 Istilahi Tatu Zisizopaswa Kuchanganywa

Kabla ya hoja yenyewe kujadiliwa, yafaa dhana tatu zitenganishwe. Picha yoyote ya skrini imeundwa kwa nukta ndogo za rangi ziitwazo pikseli. Dhana ya kwanza ni idadi ya nukta hizo kwa upana na kwa urefu. Kompyuta za IBM za mwaka 1987 zilileta kiwango cha pikseli 640 kwa 480. Simu ya Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 na kuenea sana Afrika ya Mashariki, ilikuwa na pikseli 96 kwa 65 tu. Kwa dhana hii makala yanapendekeza neno "upambanuzi", kutokana na kitenzi "pambanua". Jambo linalotajwa ni kiasi ambacho jicho, kwa msaada wa chombo, laweza kukipambanua kitu na kingine.

Dhana ya pili ni msongamano wa pikseli, yaani idadi ya nukta zilizomo katika inchi moja. Mwaka 2010 simu ya iPhone 4 ilitolewa ikiwa na skrini ya pikseli 960 kwa 640, ilhali simu za iPhone zilizoitangulia zilikuwa na pikseli 480 kwa 320 katika skrini ya ukubwa ule ule. Herufi hazikupungua ukubwa machoni pa msomaji. Mahali palipokuwa na nukta moja paliwekwa nukta nne, na maandishi yakawa laini zaidi.

Dhana ya tatu ni kizidishi. Kwa kuwa msongamano hutofautiana, programu za kisasa hazipangi maandishi kwa pikseli halisi bali kwa vizio vya kubuni. Katika mfumo wa Android kizio kimoja kimewekwa kuwa sawa na pikseli moja katika skrini yenye pikseli 160 kwa inchi. Simu yenye upana wa pikseli 720 na kizidishi cha 2 ina upana wa vizio 360. Simu yenye upana wa pikseli 1,080 na kizidishi cha 3 nayo ina upana wa vizio 360. Simu mbili hizo hupanga maneno kwa namna moja, ingawa hakuna pikseli ya moja inayoweza kuwekwa juu ya pikseli ya nyingine.

Kinyume chake pia hutokea. Simu mbili za aina moja, zenye upambanuzi mmoja, zaweza kuonyesha kurasa zisizofanana hata kidogo endapo mmoja wa wenye simu, kwa sababu ya umri au udhaifu wa macho, ameongeza ukubwa wa herufi. Toleo la 14 la Android, la mwaka 2023, linaruhusu herufi zikuzwe hadi asilimia 200. Kwa hiyo idadi ya pikseli pekee haimwambii mpimaji kama neno limeenea au limekatwa. Anayeziita dhana zote tatu "azimio" atapima jambo moja akidhani amepima jingine.

3.0 Somo Linalotoka Olmotonyi

Tatizo la kulinganisha picha zenye upambanuzi tofauti si geni kwa wataalamu wa misitu. Olmotonyi iko juu ya Ngaramtoni, kaskazini-magharibi ya jiji la Arusha, na ndipo kilipo Chuo cha Misitu kinachotoa mafunzo ya astashahada na stashahada. Wanaohitimu katika fani hiyo huingia katika kazi ambayo kwa muda mrefu imekuwa ikizisoma picha za kutoka angani pamoja na vipimo vya kutoka ardhini. Tathmini ya rasilimali za misitu ya taifa iliyofanyika Tanzania Bara kuanzia mwaka 2009 hadi 2014, ijulikanayo kwa kifupi cha NAFORMA, ilitumia njia zote mbili. Ilibainisha kwamba misitu inachukua hekta milioni 48.1, yaani kiasi cha asilimia 55 ya eneo la nchi kavu.

Katika kazi hiyo upambanuzi hutajwa kwa meta. Setelaiti ya Landsat ya kwanza, iliyorushwa mwaka 1972, ilipiga picha ambazo kila pikseli yake ilikuwa na upana wa takriban meta 80 ardhini. Kuanzia mwaka 1982 setelaiti za mfululizo huo zilibeba chombo cha meta 30. Setelaiti za Sentinel-2, zilizoanza kurushwa mwaka 2015, zina mikanda ya meta 10. Pikseli moja ya meta 30 hufunika meta 900 za mraba, na moja ya meta 10 hufunika meta 100 za mraba. Hivyo pikseli tisa za aina ya pili huingia ndani ya moja ya aina ya kwanza.

Mtaalamu anayetaka kujua kama msitu umepungua kati ya miaka miwili hatoi picha ya meta 10 kutoka katika ile ya meta 30 na kuyaita mabaki hayo ukataji. Kwanza huzipatanisha picha ili kila mahali pakae juu ya pale pale. Pili, huyafunika maeneo yenye mawingu ili mawingu yasihesabiwe kuwa mabadiliko. Tatu, huamua mapema ni eneo dogo kiasi gani atakalolitolea hukumu, na chini ya hapo hasemi kitu. Mti mmoja ulioanguka hauonekani katika picha ya meta 30. Hilo halimpi ruhusa ya kuandika kwamba haukuanguka. Anapohitaji kuujua mti huo mmoja, huiacha picha ya angani na kutuma watu wenye utepe wa kupimia na fomu.

Utaratibu huu unatajwa hapa kwa sababu una busara ambayo upimaji wa programu unaihitaji. Picha yenye upambanuzi mdogo inafaa kwa maswali makubwa. Swali linapohusu kitu kidogo kuliko pikseli, kulainisha picha hakusaidii. Inafaa chombo kibadilishwe.

4.0 Umbo la Kitenzi na Mahali Kinapokatwa

Fomu iliyotajwa hapo juu siku hizi mara nyingi hujazwa kwenye simu. Programu za fomu za aina ya ODK, zilizoanza katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, mwaka 2008, humwezesha mtunzi wa fomu kuandika maswali na majibu kwa lugha anayoitaka, Kiswahili kikiwamo. Ichukuliwe kwamba fomu ya kukagua miti ina jedwali la safu tano: namba ya ploti, aina ya mti, kipenyo, urefu na hali ya mti. Katika safu ya mwisho kuna majibu matatu: "umekatwa", "umekatika" na "umekauka".

Jibu la kwanza lina maana kwamba pana mtu aliyeukata mti huo. La pili lina maana kwamba mti umevunjika, yamkini kwa upepo. La tatu lina maana kwamba umekufa ukiwa umesimama, kwa ukame au kwa maradhi. Tofauti hizo ni za sheria na za uchumi. Kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kukata mti katika msitu wa hifadhi bila ya kibali ni kosa. Upepo haushtakiwi.

Sasa itazamwe skrini. Simu nyembamba ina upana wa vizio 320. Safu tano zikigawanywa sawasawa, kila moja hupata vizio 64. Nafasi tupu ya vizio 8 ikiachwa kila upande, maandishi hubakiwa na vizio 48. Herufi ikichukua wastani wa vizio 8, zinaenea herufi sita. Programu nyingi, zikiona neno halienei, hulikata na kuweka nukta tatu, ambazo nazo huchukua nafasi ya herufi moja. Msomaji basi huona "umeka…" kwa mti uliokatwa, "umeka…" kwa mti uliokatika, na "umeka…" kwa mti uliokauka. Mkosaji, upepo na ukame vimeandikwa kwa herufi zile zile.

Hili halitokani na bahati mbaya ya maneno matatu. Linatokana na muundo wa lugha. Kitenzi cha Kiswahili huanza kwa viambishi vya upatanisho na njeo, ambavyo hurudiwa katika vitenzi vyote vya orodha moja, kisha hufuata mzizi, kisha viambishi vya mnyambuliko, na mwisho kiishio. Katika "umekatwa" na "umekatika" sehemu ya mbele, u-me-kat-, ni moja. Kinachotenganisha kauli ya kutendwa na ya kutendeka ni -w- kwa upande mmoja na -ik- kwa upande wa pili. Hali kadhalika "umeungua" na "umeunguzwa" hufanana mpaka herufi ya saba. Kwa mkaguzi wa mioto ya msitu, la kwanza halimtaji mtu, la pili linamtaja. Neno linalokatwa kutoka kulia hupoteza hasa sehemu inayoeleza nani ametenda na nani ametendewa.

Nje ya msitu hali ni ile ile. Huduma za fedha kwa simu zilizoanza Tanzania mwaka 2008 zimelifanya somo la mnyambuliko kuwa jambo la mfukoni. "Umetumia" humwambia mwenye simu kwamba fedha zimemtoka, na "umetumiwa", mbele ya kiasi cha fedha, humwambia kwamba zimemfikia. Baada ya herufi saba za mwanzo hakuna awezaye kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

5.0 Namna Mashine Inavyolinganisha

Upimaji wa programu kwa picha una historia fupi. Mwaka 2009 watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani walitoa Sikuli, programu inayotafuta kitufe kwenye skrini kwa kulinganisha picha yake na kile kinachoonekana, na inayokubali mfanano usio kamili. Udhaifu wa njia hiyo ulikuwa wazi tangu mapema. Picha ya kitufe iliyopigwa kwenye skrini ya kizidishi kimoja haipatikani kwa urahisi kwenye skrini ya kizidishi kingine. Vyombo vilivyofuata, kama vile Playwright ya kampuni ya Microsoft, iliyotolewa mwaka 2020, hulinganisha ukurasa mzima na picha rejea, na humruhusu mpimaji kutaja idadi au uwiano wa pikseli zinazoweza kutofautiana bila ya jaribio kuhesabiwa kuwa limeshindwa.

Ruhusa hiyo ina sababu njema. Kingo za herufi hulainishwa kwa rangi za kati, na kompyuta mbili zaweza kuilainisha herufi moja kwa namna zinazotofautiana kidogo. Pasipokuwa na uvumilivu wowote, mpimaji atapigiwa kelele kutwa nzima kwa tofauti ambazo jicho halizioni, na hatimaye ataacha kusikiliza. Swali ni kiasi gani kivumiliwe.

Hesabu ifuatayo yatosha kuonyesha hatari. Skrini ya pikseli 720 kwa 1,600 ina pikseli 1,152,000. Mpimaji akivumilia sehemu moja katika elfu, ameruhusu pikseli 1,152 zitofautiane. Ichukuliwe kwamba neno "umetumia" liko mwisho wa mstari, na kwa kosa la programu limeandikwa badala ya "umetumiwa". Mahali pa w pana a, na mahali pa a ya mwisho pako patupu. Kila herufi ikiwa imechukua eneo la pikseli 20 kwa 20, pikseli zote zinazoweza kubadilika hazizidi 800. Mashine itatangaza kwamba picha mbili ni sawa. Kwa kipimo cha mashine tangazo hilo ni sahihi. Kwa msomaji, anayelipwa na anayelipa wamebadilishana nafasi.

Njia ya pili inayopendwa ni kuzipunguza picha zote ziwe na ukubwa mmoja kabla ya kulinganishwa. Picha ya kizidishi cha 3 ikishushwa kuwa ya kizidishi cha 1, pikseli tisa hufanywa kuwa moja, uwiano ule ule uliopo baina ya picha za setelaiti za meta 10 na za meta 30. Herufi haifutiki kabisa, lakini kingo zake hugeuka kijivu, na neno lile lile lililotoka kwenye simu mbili halilingani tena pikseli kwa pikseli. Ili majaribio yapite, fundi hulazimika kulegeza kipimo zaidi. Njia ya pili humrudisha katika ile ya kwanza.

Kuna hatari ya tatu, nayo haihusu kipimo. Mashine haijui kusoma. Picha rejea ikiwa yenyewe imebeba "umeka…", na aliyeiidhinisha hakukijua Kiswahili, basi kila jaribio litakalofuata litaithibitisha kasoro hiyo. Siku fundi mwingine atakapoirekebisha, ni marekebisho yake yatakayoripotiwa kuwa kosa.

6.0 Hoja Zinazoweza Kupinga

Yaweza kudaiwa kwamba kuweka picha rejea kwa kila aina ya skrini ni gharama isiyobebeka, kwa kuwa aina za simu ni nyingi mno. Hoja hii ina ukweli, lakini inazichanganya tena dhana tatu zilizotajwa mwanzoni. Simu ni nyingi, lakini upana kwa vizio hujirudia. Kama ilivyoonyeshwa, simu ya pikseli 720 na ile ya pikseli 1,080 zaweza kuwa kundi moja la mpangilio. Mpimaji anayechagua upana mdogo kabisa, ule uliozoeleka na ule mkubwa, kisha akairudia kazi kwa herufi zilizokuzwa, ana makundi sita, si mamia.

Yaweza kudaiwa pia kwamba wahandisi tayari wana njia ya kurefusha maneno ya Kiingereza kwa herufi za bandia, ili kuona kama nafasi inatosha kabla ya tafsiri kufanywa. Njia hiyo ni nzuri nayo yastahili kuendelea. Hata hivyo, inapima urefu tu. Haiwezi kusema ni maneno gani mawili yatakayofanana baada ya kukatwa, kwa kuwa herufi za bandia hazina mnyambuliko.

Hoja ya tatu, iliyo nzito zaidi, ni kwamba kosa si la skrini bali la mtunzi wa maneno. Badala ya "umekatwa", "umekatika" na "umekauka", aandike "binadamu", "upepo" na "ukavu" chini ya kichwa "chanzo". Hoja hii inakubalika kwa sehemu kubwa. Maneno yanayotofautiana tangu herufi za mwanzo hustahimili kukatwa, na mtunzi wa fomu anayejua hilo ataepusha madhara mengi. Lakini haiwezekani lugha nzima ipangwe upya kwa ajili ya safu ya vizio 64. Kuna ujumbe ambao hauna budi kuwa kitenzi, na kuna tofauti ambazo Kiswahili huzieleza kwa mnyambuliko tu. Ni haki ya msomaji apewe kitenzi hicho kizima.

7.0 Mapendekezo

Kwanza, picha rejea zitunzwe kwa makundi ya mpangilio, na picha ilinganishwe na ya kundi lake yenye kizidishi kile kile. Picha za makundi tofauti zisipunguzwe wala kukuzwa ili zilazimishwe kufanana. Sehemu zinazobadilika kila mara, kama saa na tarehe, zifunikwe, kama mtaalamu wa misitu anavyofunika mawingu.

Pili, ukataji wa maneno usitafutwe katika picha. Programu yenyewe inajua upana wa neno na upana wa nafasi iliyopewa, na inaweza kuulizwa. Katika kurasa za mtandao na katika Android kuna njia za kupata jibu hilo kwa tarakimu. Swali "je, neno limezidi nafasi yake?" lina jibu la ndiyo au hapana katika skrini yoyote. Picha ibakiwe na kazi inayoiweza: rangi, mpangilio, vitu vilivyofunikana.

Tatu, maneno yenyewe yalinganishwe kama maneno. Kama programu ilipaswa kuandika "umetumiwa", jaribio lisome maandishi na kudai herufi hizo zote. Kosa la herufi moja, lililojificha ndani ya sehemu moja ya elfu ya picha, haliwezi kujificha katika mfuatano wa herufi tisa.

Nne, picha rejea za programu ya Kiswahili zipigwe kutokana na maandishi ya Kiswahili, na ziidhinishwe na mtu anayeisoma lugha hiyo kwa ufasaha, akiwa ameshika simu ya kundi husika mkononi, si kwa kuitazama ikiwa imekuzwa kwenye skrini ya ofisini.

Tano, na hili ni la idara za Kiswahili, itayarishwe orodha ya jozi za vitenzi vinavyotofautiana mwishoni tu na ambavyo kuchanganywa kwake kuna madhara: katwa na katika, ungua na unguzwa, tumia na tumiwa, lipa na lipwa, funga na fungwa. Orodha hiyo ipangwe kwa nyanja: misitu, fedha, afya, mahakama. Fundi asiyejua Kiswahili ataweza kuitumia kama kipimo bila ya kujifunza sarufi nzima.

Mfano wa ushirikiano wa namna hii upo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi ya wakati huo ilikuwa kupata maneno. Skrini iliyofikiriwa ilikuwa ya mezani na nafasi ilikuwepo. Leo sehemu kubwa ya kazi hiyo husomwa mkononi, na swali limesogea kutoka "neno ni lipi?" hadi "je, neno limefika zima?" Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, limezoea kusanifu istilahi. Yafaa sasa kila istilahi inayokusudiwa kuwekwa kwenye skrini ijaribiwe pia kwa urefu wake, na panapohitajika pawe na kifupisho kilichokubaliwa, ili mashine isijitungie chake kwa nukta tatu.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba tofauti za upambanuzi wa skrini, zinaposhughulikiwa kwa kulegeza kipimo, huufanya upimaji upite kwa gharama ya mnyambuliko wa Kiswahili. Njia iliyopendekezwa haihitaji mitambo mipya. Inahitaji picha zilinganishwe na za kundi lake, maneno yapimwe kama maneno, na msomaji wa Kiswahili awepo pale picha rejea inapoidhinishwa. Programu za fomu na za fedha zinaendelea kutungwa kila mwaka, na nyingi huanza kutumika kabla ya mtaalamu yeyote wa lugha kuziona. Orodha ya jozi za vitenzi iliyopendekezwa hapa yaweza kuanzwa na darasa moja la isimu katika muhula mmoja, na wanafunzi wa misitu wa Olmotonyi wangefaa kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuulizwa ni maneno gani hawawezi kukubali yakatwe.